Santuri za mwanzo za stereo za muziki wa klasiki: kabla ya kulipa, soma sehemu tupu

SikioReading (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Naishi Reading, Uingereza, na kwa miaka kumi na moja sasa nakusanya santuri za stereo za muziki wa klasiki zilizofyatuliwa kuanzia 1958 hadi katikati ya miaka ya 60. Uzi huu nimeufungua kwa sababu kila mara napata ujumbe wa ndugu waliookota santuri sokoni au kwenye duka la mitumba. Wananitumia picha ya kava na kuuliza: "Hii ni toleo la kwanza?" Kava peke yake halitoshi, na lebo nayo hukupa nusu ya habari. Habari kamili iko kwenye ile sehemu tupu, ule mviringo laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo. Kiwanda kiligonga pale herufi na namba ambazo mnunuzi wa kawaida hakutarajiwa kuzisoma. Sisi tuzisome.

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mwaka 1958 unatajwa sana. Njia ya kuweka sauti mbili kwenye mfereji mmoja iliombewa hataza Desemba 1931 na Alan Blumlein, mhandisi wa EMI. Mfereji una kuta mbili, kila moja imelala nyuzi 45. Ukuta mmoja unabeba sauti ya kushoto, wa pili sauti ya kulia. Sindano ikiyumba kando kwa kando, inasoma kile ambacho spika zote mbili zinacho kwa pamoja. Ikipanda na kushuka, inasoma tofauti kati ya kushoto na kulia. Mwaka 1934 Blumlein alimrekodi Thomas Beecham akifanya mazoezi ya simfoni ya Mozart, "Jupiter", pale Abbey Road, kwa stereo. Alifariki 1942 katika ajali ya ndege wakati wa majaribio ya rada, hajaona hata santuri moja ya stereo ikiuzwa dukani. Nikiitoa santuri kwenye mfuko wake huwa namkumbuka.

Kampuni kubwa zilianza kurekodi stereo kwenye kanda mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. RCA wa Marekani walikuwa Boston Februari 1954 na kiongozi wa okestra Charles Munch, kisha Chicago mwezi Machi na mwenzake Fritz Reiner. Decca wa Uingereza walikuwa Geneva Mei 1954, ukumbi wa Victoria Hall, na Ernest Ansermet. Kanda nyingi zikakaa kabatini hadi miaka minne, kwa sababu santuri yenyewe ya stereo ilikuwa haijapata kanuni moja ya kukatwa. Kanuni hiyo ilikubaliwa Marekani mwanzoni mwa 1958, na mwaka huo huo kabati zikafunguliwa.

Kwa hiyo santuri iliyotoka 1958 inaweza kuwa na sauti ya 1954. Na kwa kuwa nyumba zenye mashine ya stereo zilikuwa chache, mono (santuri ya sauti moja) ndiyo iliyouzwa zaidi. Marekani RCA waliuza mono kwa dola 4.98 na stereo kwa dola 5.98. Dola moja ya ziada wakati ule ilikuwa na uzito, ndiyo maana stereo za miaka ile ni chache kuliko mono za muziki ule ule.

Nitaendelea jioni na Decca. Kwangu Decca ndio kitovu cha jambo hili.

---

FundiKariakoo

Mkuu SikioReading, heshima kwako. Mimi ni fundi wa amplifaya na redio hapa Dar, nina miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi hii. Naomba nipinge kabla hujafika mbali. Matoleo mapya ya zile RCA za Reiner, yale ya Analogue Productions yanayofyatuliwa Salina, Kansas, yana ukimya wa ajabu. Mteja wangu mmoja alileta ya zamani na mpya tukazipiga siku moja. Ya zamani ilikuwa inakwaruza mwanzo mwisho. Kwa nini mtu alipe mara tano au kumi kwa ajili ya mikwaruzo?

---

SikioReading

Mzee wangu FundiKariakoo, shikamoo. Upo sahihi, tena ningependa watu walisome hilo mapema. Mtu anayetaka tu kuisikia "Scheherazade" ya Reiner, LSC-2446, ikiwa safi, achukue toleo jipya na asiangalie nyuma. Mimi mwenyewe ninalo.

Ninachotafuta kwenye ya zamani ni kingine. Ile sahani ya laka, yaani sahani ya kwanza inayochongwa mfereji kutoka kwenye kanda, ilikatwa kanda ikiwa bado mbichi, na waliokata ni vijana wa kampuni ile ile, siku zile zile, kwa vifaa vya siku zile. Kanda ya sumaku huchoka. Mtu wa leo, hata awe hodari namna gani, anaanza na kanda yenye umri wa miaka sitini na zaidi. Mara nyingine anashinda, mara nyingine hashindi. Kwenye RCA naona anashinda mara nyingi. Kwenye Decca za 1958 hadi 1962, bado sijashawishika.

---

DadaMinneapolis

Naombeni kiti hapa mbele. Mimi ni mgeni kabisa, naishi Minneapolis, naimba kwaya kanisani na nimeanza kununua santuri mwaka huu. Kwenye duka la mitumba nimekuta boksi zima la lebo ya London, mgongo wa kava una mpaka wa rangi ya bluu. Kila moja dola mbili. Nimechukua tisa. Mwenye duka aliniambia ni "za kawaida tu." Niwe na furaha au nimepoteza dola kumi na nane?

---

SikioReading

Dada, furahi sana. Hebu niwajibu wote kupitia swali lako.

Jina la Decca kule Marekani lilikuwa mali ya kampuni nyingine. Decca ya Uingereza ilipotaka kuuza kwenu ikabandika jina London. Lakini santuri zenyewe zilifyatuliwa hapa hapa, kiwanda cha New Malden, kusini-magharibi mwa London, kwa kalibu (sahani za chuma zinazofyatua santuri) zilizotokana na sahani za laka zile zile za Decca. Huku Uingereza namba inaanza na SXL, kwenu inaanza na CS. Wakusanyaji wa Japani na Hong Kong wamepandisha bei za SXL zenye lebo ya kwanza hadi mtu wa mshahara wa kawaida hazigusi. London yenye mgongo wa bluu, sauti ile ile, bado inaokotwa dola mbili. Ndicho ninachosema kila siku: watu wanalipia karatasi ya lebo.

Sasa chukua santuri mojawapo, kaa nayo chini ya taa, uigeuze polepole ukiichukulia kama uso wa saa.

Kwenye saa 6 utaona herufi ZAL, kisha namba, kisha tarakimu na herufi, kwa mfano 2E. ZAL maana yake stereo ya inchi 12 (mono waliandika ARL). Tarakimu 2 ni sahani ya laka ya pili iliyokatwa kwa upande huo. Herufi ni mtu aliyekata: E ni Stan Goodall, G ni Ted Burkett, W ni Harry Fisher. Kazi ya mikono ya watu hawa inatambulika. Mimi nikiona W nanyamaza kwanza.

Kwenye saa 9 kuna tarakimu ndogo moja au mbili. Hiyo ni sahani mama, ile ya chuma iliyozaa kalibu.

Kwenye saa 3 kuna herufi moja au zaidi. Hiyo ni namba ya kalibu, imefichwa kwa neno BUCKINGHAM. B ni 1, U ni 2, C ni 3, K ni 4, I ni 5, N ni 6, G ni 7, H ni 8, A ni 9, na M ni sifuri. Kalibu huchakaa kadiri inavyofyatua, ikabadilishwa. Ukiona B peke yake, umeshika santuri iliyotoka kwenye kalibu ya kwanza kabisa ya sahani mama hiyo.

Tuandikie unachokiona.

---

BiMkunazini

Asalaam aleikum. Nipo Unguja. Nilikuwa nasoma kimya lakini hapa pamenigusa. Nyumbani kwa bibi yetu kulikuwa na santuri za taarab za ile lebo yenye mbwa anasikiliza pembe. Je, ni kampuni hiyo hiyo ya hizo za klasiki? Au mbwa wawili tofauti?

---

SikioReading

Waaleikum salaam, Bi. Mbwa ni mmoja, Nipper, ila ana nyumba mbili. Gramophone Company ya Uingereza ilimtumia kwenye lebo ya HMV, na ndiyo kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928. Mwaka 1931 ikaungana na Columbia ya Uingereza ikawa EMI. Kule Marekani mbwa huyo huyo alikuwa wa RCA Victor. Kwa hiyo santuri za bibi yako na HMV zangu za stereo zenye namba ya ASD ni watoto wa ukoo mmoja, zimepishana miaka thelathini tu.

EMI nao walikuwa na neno lao la siri la kalibu: GRAMOPHLTD. G ni 1, R ni 2, A ni 3, unaenda hivyo hadi D ambayo ni sifuri. Ni jina la kampuni lenyewe limefupishwa.

Tahadhari moja kwako na kwa wenye urithi kama huo: santuri zile za bibi za mizunguko 78 zimetengenezwa kwa shelaki, na pombe ya kusafishia huiyeyusha. Msizipake spiriti hata tone. Maji safi na kitambaa laini tu, na lebo isiloane.

---

FundiKariakoo

Naongeza hapo kwenye usafi kwa wa pwani. Fangasi ndiye adui yetu. Santuri ikikaa kwenye mfuko wa plastiki wa zamani, joto na unyevunyevu, utaona madoa meupe kama unga. Hizi za vinaili zinavumilia: maji yaliyochemshwa na kukingwa mvuke wake, tone la sabuni isiyo na manukato, brashi laini ikifuata mfereji, kisha suuza. Tupa mfuko wa ndani wa zamani, weka wa karatasi mpya. Na zisimame wima! Nimeletewa santuri zilizolazwa juu ya kabati la nguo chini ya bati, zikawa kama sahani za supu. Hizo hakuna fundi atakayezinyoosha zikarudi zilivyokuwa.

---

KijanaWaSelo

Niko Nairobi, nasomea selo. Mwalimu wangu alinisikilizisha ile koncheto ya Elgar ya Jacqueline du Pré na Barbirolli, namba ASD 655. Nikatafuta mtandaoni, bei zinatisha. Na kuna mtu anauza moja ameiandika "karibu mpya". Niinunue?

---

SikioReading

Kijana, subiri. Nitakusimulia yaliyonipata.

Mwaka wangu wa tatu nilinunua HMV ya ASD yenye lebo nyeupe na dhahabu, lebo ya kwanza kabisa ya stereo yao. Muuzaji aliandika "karibu mpya." Ilifika inang'aa kama kioo, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Nikaiweka. Dakika tatu za mwanzo tamu. Okestra ilipopandisha sauti, fidla zikaanza kuchemka kama mafuta ya maandazi, na kadiri sindano ilivyokaribia lebo ndivyo ilivyozidi. Nililipa nusu ya kodi yangu ya nyumba ya mwezi ule. Sikurudishiwa.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Mashine nyingi za majumbani za 1958 hadi 1965 zilikuwa na mkono mzito na sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya mono. Sindano ya mono ncha yake ina nusu kipenyo cha kama mikromita 25, ya stereo ni kama 18. Zaidi ya hapo, ile ya mono haikuundwa kupanda na kushuka. Mfereji wa stereo unaitaka ipande, yenyewe inakataa, basi inakwangua ukuta. Uharibifu huo haukwaruzi uso, uko ndani ya mfereji. Macho hayauoni, labda uishike santuri chini ya taa kali kwa pembeni, hapo pengine utaona weusi umepauka na kuwa kijivu sehemu zenye sauti kubwa. Kinachosema kweli ni sikio.

Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja: "Umeipiga mwanzo hadi mwisho, na inch za mwisho karibu na lebo zinalia vipi?" Akisema ameikagua kwa macho tu, mwache aende zake.

Na ASD 655 ilirekodiwa Kingsway Hall Agosti 1965, ikauzwa kwa wingi mno miaka mingi. Ukiikosa ya lebo ya mwanzo, chukua ya miaka ya 70 iliyotunzwa vizuri. Utamsikia du Pré vile vile. Wewe unasoma selo, hela iliyobaki nunua nyuzi za selo.

---

KijanaWaSelo

Nashukuru sana mkuu. Nimemwandikia muuzaji. Kajibu: "Visual only." Nimeachana naye.

---

MkaziToronto

Wakuu, niruhusuni niseme kuhusu RCA maana niko huku Amerika ya Kaskazini. Huku wanatafuta lebo inayoitwa "shaded dog", yaani Nipper amezungushiwa kivuli nyuma yake, ilitumika 1958 hadi karibu 1964. Baada yake kile kivuli kikaondolewa. Bei zilipaa miaka ya 80 baada ya Harry Pearson wa jarida la The Absolute Sound kuweka orodha ya santuri anazoziona bora. Mpaka leo ukitaja namba iliyoko kwenye orodha ile, bei inapanda mara tatu.

Kwenye sehemu tupu wanatafuta 1S, yaani laka ya kwanza, wanadhani 1 ni bora kuliko 5. Si lazima. RCA walikuwa na viwanda vitatu, Indianapolis, Rockaway na Hollywood, na sahani za laka kadhaa zilikatwa pamoja ili kila kiwanda kipate zake. Mimi nina 5S ambayo naipenda kuliko 1S niliyowahi kuazima. Ninachotafuta ni herufi I ya Indianapolis, basi.

---

SikioReading

MkaziToronto, ahsante, hilo la 1S watu wengi limewagharimu. Nami niwaongezee wa Uingereza: RCA za hapa zenye namba ya SB zilifyatuliwa na Decca. Vinaili yake imetulia kuliko ya Marekani, na hazina kelele za bei.

Ila santuri za RCA zenye jina Dynagroove, zilizoanza 1963, mimi sinunui kabisa. RCA walianza kupotosha sauti kwa makusudi wakati wa kukata ili sindano rahisi za majumbani zisihangaike. Aliyekuwa na sindano nzuri akapewa muziki uliokwisha kupindwa. Hadi leo ukiisikiliza fidla utajua kuna kitu kimefanywa.

---

DadaMinneapolis

Nimerudi! Nimekaa mezani na tochi saa nzima na mume wangu anashikilia kikuzio.

Moja ya zile tisa ni CS 6006, "España", Ataulfo Argenta na London Symphony Orchestra. Upande wa kwanza nimesoma ZAL na namba zake, mwisho 2E. Saa 9 kuna 1. Saa 3 kuna UK.

Hiyo UK nilidhani ni Uingereza, nikafurahi. Halafu nikakumbuka neno lako. U ni 2, K ni 4. Ni kalibu ya ishirini na nne? Ina maana imechakaa?

---

SikioReading

Dada, umeisoma vizuri kuliko wauzaji wengi. Ndiyo, kalibu namba 24, kutoka sahani mama ya kwanza, kutoka laka ya pili aliyoikata Stan Goodall. Namba 24 haina maana imechakaa. Kila kalibu ilikuwa mpya siku ilipofungwa kwenye mashine. Santuri yako inaweza kuwa ya kwanza kutoka kwenye kalibu hiyo au ya mia tano. Hilo sehemu tupu haitwambii. Inakwambia tu kwamba santuri hii iliuzwa sana, na ilistahili.

Hii ndiyo ndugu yake SXL 2020. Watu wanauza figo kwa ajili yake huku, nawe umelipa dola mbili.

Naomba nikuhadithie huyu mtu. Argenta alikuwa Mhispania, kiongozi wa okestra aliyekuwa anapanda haraka kuliko wenzake wote wa nchi yake. Alirekodi "España" ya Chabrier, Rimsky-Korsakov na wengineo pale Kingsway Hall, London, kanda za stereo zikawekwa pembeni. Januari 1958 akafariki kwa moshi wa gari ndani ya gereji, akiwa na miaka 44. Santuri ya stereo ilitoka baadaye mwaka ule ule. Kwa hiyo unachokishika mkononi, yeye hakuwahi kukiona.

Weka hiyo "España" ya Chabrier, mwanzo kabisa, nyuzi zinadonolewa kwa vidole. Usipandishe sauti mapema. Ngojea tarumbeta.

---

FundiKariakoo

Dada, na uhakikishe uzito wa sindano yako kabla. Kipimo kidogo cha mizani ni dola kumi. Usifuate namba iliyoandikwa kwenye mkono wa mashine, huwa inadanganya.

---

DadaMinneapolis

Nimeipima mzee, ilikuwa nzito kidogo, nimerekebisha hadi gramu 1.8 kama kijitabu cha katriji kinavyosema.

Nimeisikiliza mara mbili. Siwezi kueleza vizuri. Mimi naimba sauti ya kati kwenye kwaya, nimezoea kusikia watu wakiwa wamesimama kulia na kushoto kwangu. Ndivyo ilivyokuwa. Ngoma zilikuwa mbali nyuma, vinubi huku kushoto, na kati yao kulikuwa na hewa, ukumbi wenyewe. Mume wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni hakuongea.

Ila kuna swali. Kwenye sehemu tulivu kuna mngurumo wa chini sana, unakuja na kupotea. Si wa mashine yangu, nimejaribu santuri nyingine haupo. Santuri imeharibika?

---

SikioReading

Hapana dada. Kingsway Hall ilikuwa karibu na Holborn, na chini yake ilipita reli ya treni za ardhini. Wahandisi wa Decca walipigana nayo miaka yote, mara nyingine wakasimamisha kurekodi hadi treni ipite, mara nyingine ikawaponyoka. Ukumbi ulibomolewa 1998.

Hiyo uliyoisikia ni treni.

---

DadaMinneapolis

Naiweka tena.